Vitambaa Vinne Vyekundu

Mwanangu mkubwa aliandika wasifu wa baba yake, ukurasa mmoja na nusu, na mume wangu hakuwemo hata katika mstari mmoja.

Alikuwemo "mfugaji mashuhuri". Alikuwemo "mjasiriamali mwenye maono". Alikuwemo pia mtu mmoja ambaye "katika miaka yake sabini na moja hakuwahi kuyumba wala kukosea", na huyo mimi simjui, sijawahi kulala naye kitanda kimoja. Niliyeishi naye mimi alikosea kila wiki. Alijaribu kutengeneza jibini, nyumba ikanuka soksi miezi mitatu mpaka wageni wakawa wanatusalimia wakiwa nje. Alinunua dume la mbegu kwa kuangalia picha, likaja dume linalokimbia majike. Lakini mtu huyohuyo alianza na ndoo moja na baiskeli isiyo na breki, akaacha ranchi ya ng'ombe mia tatu, kiwanda cha mtindi chenye wafanyakazi thelathini na wawili, na watoto wawili wanaojua kukamua hata mashine zikifa. Watu wa mjini walimwita Ndoo mpaka siku ya mwisho, na yeye aliitika.

Ilikuwa alasiri, tumekaa jikoni, kesho yake ndiyo siku tuliyopanga kumkumbuka. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu tumzike. Mwanangu, mhandisi wa barabara, mtu wa tai na kalamu nzuri, alikuwa anasubiri nimsifu.

"Umemvika baba yako kilemba cha ukoka," nikamwambia.

"Mama, hiki kitu kitasomwa mbele za watu."

"Ndiyo maana nasema. Watu watauliza huyo ni nani. Siku ya maziwa iko wapi?"

Akavua miwani. "Siku aliyomwaga maziwa njia panda? Mama, wateja wote watakuwepo. Daktari mkuu wa hospitali atakaa mstari wa mbele. Nisimame niseme baba alipeleka maziwa yenye dawa kwa watu?"

"Hakuyauza. Aliyamwaga."

"Alikosea, Mama. Alisema mwenyewe. Siku ya kumkumbuka mtu si siku ya kufukua makosa yake."

Hapo nikanyamaza, na mimi kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni. Si kwamba alinishinda kwa maneno. Nilinyamaza kwa sababu ili siku ile isimuliwe ilivyokuwa, kuna kipande tulichokijua watu wawili tu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa mtungi tumeshauzika, na kata nimebaki mimi.

Ngoja niwaambie ninyi, maana kumwambia mwanangu alasiri ile niliogopa.

Miaka thelathini na minne iliyopita tulikuwa na ng'ombe wanane, zizi la mabanzi, na huyo mhandisi akiwa na miezi saba. Hospitali ilikuwa ndiyo kwanza ina wiki ya tatu tangu ianze kuchukua maziwa yetu, kwa ajili ya wodi ya watoto. Mume wangu alikuwa anatembea kama mtu aliyeteuliwa kuwa waziri. Jioni moja daktari wa mifugo alimpiga sindano ng'ombe mmoja aliyevimba kiwele, akatuonya kwamba maziwa yake yasinywewe na mtu kwa siku nne, kwa kuwa dawa hutoka nayo. Zamu ya asubuhi ilikuwa yangu, kwa hiyo mume wangu akaniambia mimi: "Mwenyekiti, yule mwenye doa usoni mkamue mwisho, na maziwa yake mwaga." Mwenyekiti ndilo jina alilonipa. Alisema katika nyumba yetu yeye ni katibu tu.

Mtoto alikesha na homa usiku kucha. Asubuhi nilikamua ng'ombe wote wanane, nikamimina yote katika madebe mawili, nikamfungia kwenye baiskeli, akaondoka akipiga mluzi. Nilikuwa nimeshaanza kuosha ndoo nilipolikumbuka lile doa.

Nilikimbia. Nilikimbia na mtoto mgongoni, kiatu kimoja kikabaki njiani, nikamkuta njia panda, foleni ya watu wenye chupa imeshajipanga na mpishi wa hospitali yuko wa kwanza. Alikuwa hajampimia mtu hata kikombe. Nikamnong'oneza sikioni. Akafumba macho kama mtu aliyeng'atwa na siafu mbele ya wakwe zake. Kisha akafungua madebe yote mawili, akayainamisha mtaroni, na maziwa yakateremka watu wote wakiyaangalia.

"Leo sina maziwa," akasema. "Ng'ombe alipigwa dawa, yakachanganyika. Nimekosea mimi."

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Akanikanyaga mguu, tena ule usio na kiatu, kwa buti lake la mpira. Nikaufunga mdomo.

Hospitali ilikaa miezi miwili bila kuchukua maziwa yetu, kisha wakarudi, na hawajaondoka tena. Jioni ya siku ile aliniomba gauni langu jekundu, la pekee la kutokea, akalichana vipande mbele ya macho yangu. Kuanzia hapo ng'ombe yeyote aliyepigwa dawa alifungwa kitambaa chekundu mguu wa nyuma wa kushoto, ili mkamuaji akiinama tu akione, hata kama hajaambiwa na mtu, hata kama ana usingizi. Nilimwambia angalau angechana shati lake. Akasema mashati yake yote yana rangi ya samadi. Vitambaa vimebadilishwa mara nyingi tangu wakati huo, rangi haijabadilika, na majirani nao wameiga.

Lile kosa hakunitajia tena. Tumegombana, jamani, ndoa ni ndoa. Tumegombana mpaka vikombe vikalia kabatini, nami ulimi wangu mnausikia ulivyo. Lakini silaha ile hakuichomoa hata siku moja. Watu walilihesabu kuwa kosa lake, watoto wakakua wakijua kwamba baba yao aliwahi kuchanganya maziwa, na wakimtania alicheka nao. Mimi nikaacha iwe hivyo. Mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa mazoea, na mazoea yana taabu.

Sasa turudi kwenye siku yenyewe ya kumkumbuka.

Saa mbili na nusu asubuhi wageni wa kwanza walikuwa wameshaanza kukaa chini ya turubai uani. Viti mia tatu, spika mbili, masufuria ya chai yanachemka. Mwanangu alikuwa amemchukua mkamuaji wetu mkuu tangu alfajiri aje asimamie viti, na kukamua wakaachiwa watu watatu walioazimwa kutoka kiwandani, ambao wanajua mtindi kuliko ng'ombe. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kuanua gauni langu jeusi.

Pembeni ya gauni, kwenye kamba, palikuwa na vitambaa vinne vyekundu. Vimefuliwa, vimenyooshwa, vimebanwa kwa umbali sawasawa. Kazi ya mwalimu.

Mwalimu mwenyewe ni wifi yangu, dada wa pekee wa mume wangu, mstaafu, alikuwa amefika jana yake mchana na sabuni zake mwenyewe. Mwanamke huyu akikuta jiwe barabarani halijakaa vizuri atalinyoosha. Na kuna jambo moja tu analoliogopa duniani, ng'ombe.

"Wifi," nikaita, "hivi umevitoa wapi?"

Akatokea mlangoni na kitambaa cha kufutia vikombe. "Kwenye miguu ya ng'ombe. Jana jioni, walipomaliza kukamuliwa. Kaka yangu anakumbukwa leo, halafu ng'ombe wake wamevaa nyekundu kama wanakwenda harusini? Nikaona si heshima." Akashusha sauti. "Nimevifungua mwenyewe, wifi. Miguu ilikuwa inanitetemeka. Nikasema, kwa ajili ya kaka yangu, leo nitajikaza."

Nilimwangalia usoni. Alikuwa amejaa fahari kama mtoto aliyefaulu hesabu. Nikamwambia ahsante, nikavichukua vile vitambaa, nikaingiza miguu katika mabuti ya mpira ya marehemu yaliyokuwa karibu na mlango, na nikaenda zizini mbio.

Njiani nilijisemea. Sitawaficha. Nilijiambia kwamba hakuna anayejua isipokuwa mimi. Wifi hajui alichofanya, wakamuaji hawajui walichokamua, na hata kesho hakuna atakayejua. Ng'ombe wanne kati ya sabini wanaokamuliwa. Nilikuwa na uzoefu wa miaka thelathini na minne wa kunyamaza, kuongeza siku moja kungenishinda nini? Wazo hilo lilinisindikiza mpaka kwenye lango la zizi, na hapo nikalifungia nje.

Kitinda mimba wangu alikuwa kwenye chumba cha maziwa, anaandika kwenye ubao. Ana sura yangu na mwendo wa baba yake, na ndiye aliyeachiwa kiwanda, si kwa upendeleo bali kwa sababu akiwa na miaka kumi na minne alimwambia baba yake kwamba jibini lake linanuka kwa kuwa ananawa mikono kama anayeaga msiba. Nikamwonyesha vitambaa. Akavihesabu kwa macho, akageuka kuuangalia ubao ulioandikwa majina ya ng'ombe walio kwenye dawa, wanne, Mama Mkwe akiwa wa kwanza.

"Nani amevifungua?"

"Shangazi yako. Kwa heshima ya kaka yake."

"Anajua?"

"Hajui. Yuko jikoni anapanga vikombe."

Akachota maziwa kwenye tangi la kupozea, akachovya kijiti cha kupimia, tukasimama tukikitazama kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Mstari wa kwanza ukatokea. Wa pili ukagoma. Maana yake dawa imo, na tangini mlikuwa na lita mia sita na arobaini.

Kaka yake akaingia wakati huohuo, simu mkononi, tai imenyooka, akitafuta maziwa ya chai. Tukamweleza. Akakitazama kijiti, akamtazama mdogo wake.

"Hospitali tusiwapelekee, hilo sawa," akasema. "Wapigie simu, waambie gari limeharibika. Lakini chai ya wageni itiwe maziwa. Ni watu wazima, kikombe kimoja kimoja. Ng'ombe wanne kati ya sabini ni kijiko cha chumvi kwenye pipa."

"Ni mgeni yupi utakayemwambia kabla hajanywa?"

"Hakuna haja ya kumwambia mtu."

"Basi hapo ndipo penye ubaya, kaka."

"Nisikilize, mdogo wangu. Ukifungua bomba sasa hivi, maziwa yatapita wapi?"

Tulijua sote. Mfereji wa saruji unatoka chumba cha maziwa, unakata ua, unapita kando ya turubai, hatua mbili kutoka viti vya mbele, ndipo unaingia kwenye shimo la samadi. Mume wangu aliuchimba mwenyewe, na huko mtoni hakuruhusu tone liende, alisema samaki hawajamkosea kitu.

"Yatapita mbele ya wateja wetu wote," mwanangu akaendelea. "Watasema Ndoo kafa na kiwanda kimekufa naye. Leo, siku yake. Subiri jioni wakiondoka."

"Jioni kuna maziwa mengine, na tangi ni moja, linataka kuoshwa." Kitinda akanigeukia. "Mama?"

Nilitamani kumwambia fanya hivi au usifanye hivi. Lakini baba yake alipomkabidhi funguo aliniambia mbele yake: Mwenyekiti, kuanzia leo na wewe ni mjumbe tu.

"Mwenye kiwanda ni wewe," nikasema.

Akafungua bomba.

Nilirudi nyumbani, nikavaa gauni jeusi, nikasahau miguu. Nilipokaa kiti changu cha mbele ndipo nikajiona, mjane mzima ndani ya mabuti ya mpira yanayonizidi saizi tatu. Wifi aliyekaa kushoto kwangu aliyaona, akavuta pumzi, akasamehe. Daktari mkuu wa hospitali alikuwa kulia kwangu. Na pale mbele ya viatu vyetu, katika mfereji, maziwa yalikuwa yanapita. Yalipita taratibu, meupe, yanatoa povu kwenye kona, na hayakuwa na haraka ya kuisha. Minong'ono ikaanza viti vya nyuma ikaja mpaka mbele. Nyuma yangu mtu akasema, "Makubwa." Mwanangu alikuwa amesimama kando ya spika na karatasi yake, anaangalia chini kama anayepima kama saruji imepasuka.

Kitinda akatoka chumba cha maziwa akiwa bado na aproni iliyolowa. Akapita katikati ya viti, akachukua kipaza sauti mkononi mwa kaka yake. Hakujisafisha koo wala nini.

"Karibuni. Leo chai itakuwa ya rangi," akasema. "Ng'ombe wetu wanne wako kwenye dawa, na asubuhi maziwa yao yamechanganyika na mengine. Hayo mnayoyaona yanakwenda shimoni. Hospitali nimeshawapigia, nimewaambia ukweli. Nimekosea mimi."

Jamani. Huyu mtoto alizaliwa miaka mitano baada ya siku ile ya njia panda. Nilishikwa na baridi kuanzia utosini, halafu joto likaja nyuma yake. Maneno yaleyale, sauti ileile isiyopanda wala kushuka, na kosa si lake. Maji hufuata mkondo, tunasema, lakini ukiuona mkondo wenyewe kwa macho, machozi hayakuombi ruhusa. Nilijivuna. Nasema wazi, nilijivuna kwa mtoto wangu mpaka nikakiona kifua kidogo.

Kushoto kwangu wifi alikuwa ameganda. Mwalimu hesabu haimpiti. Ng'ombe wanne, vitambaa vinne. Nilimwona mkono umeshika kiti, anajiandaa kunyanyuka.

Nikamkanyaga mguu. Kwa buti la mpira, lote.

Akaketi. Na mimi, mguu ukiwa bado juu ya kiatu chake, nikajiona nilivyo. Nilikuwa ninamfanyia wifi yangu wema ambao niliupokea bila kuulipa, mbele ya mwanangu ambaye dakika mbili baadaye angesimama kusoma habari za mtu asiyekosea, huku moyoni akimwonea aibu baba yake kwa kosa langu. Kama nisingesema saa ile, nisingesema tena. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

"Kabla mwanangu hajasoma," nikasema, na sikuhitaji kipaza sauti, "mimi nina neno."

Mabuti yakalia kwenye saruji nilipokwenda mbele. Wachache walicheka, wakajizuia.

"Mnaikumbuka siku Ndoo alipomwaga maziwa njia panda. Wengine wenu mlikuwa kwenye foleni na chupa zenu. Mlimsikia akisema amekosea. Basi mlidanganywa. Aliniambia nisimchanganye yule ng'ombe, nami nikamchanganya. Nilikamua mimi."

Mwanangu aliinua uso.

"Nilitaka kusema palepale, akanikanyaga mguu. Maumivu yaliisha wiki hiyohiyo, lakini mimi nikaendelea kunyamaza miaka thelathini na minne. Mkitaka kumkumbuka kwa ng'ombe, wapo waliomzidi. Mkitaka kwa kiwanda, viko vikubwa kuliko hiki. Mimi ninachojivunia ni kwamba alikuwa na jina moja tu mjini, jina la ndoo, ndiyo kwanza linaanza kuaminika, na alilitoa lichafuke badala ya langu. Hakunidai ahsante. Wala sikumpa. Ndiyo naitoa leo."

Nikarudi kukaa. Daktari mkuu alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

Basi ndipo wifi yangu akanyanyuka. Alihamisha mguu kwanza, mbali na wangu, mwanamke mwenye akili. Mtu aliyefundisha darasa la watoto sitini hana haja ya spika.

"Na leo vitambaa nilivifungua mimi," akasema. "Nilidhani ni mapambo. Mwanangu huyu ananifichia."

Nyuma kabisa mkamuaji mkuu akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyemfunga kitambaa Mama Mkwe mara nyingi na anayajua mateke yake. Akajiziba mdomo, lakini kilikuwa kimeshatoka, na uani kote watu wakacheka, na wifi mwenyewe akacheka huku analia. Kitinda alikuja akamshika mabega, akamkalisha.

Ikabaki zamu ya mwanangu mkubwa. Alikishika kipaza sauti, akaisoma karatasi yake kimoyomoyo kutoka juu hadi chini, sote tukimsubiri. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Nimeandika kwamba baba yangu hakuwahi kukosea," akasema. "Alikosea sana. Nikianza na jibini tutalala hapa. Ila lile moja nililomwonea aibu maisha yangu yote, kumbe halikuwa lake." Akanigeukia. "Na homa ile ilikuwa yangu."

Hilo sikuwa nimelitaja uani. Homa nilimsimulia zamani, akiwa mdogo, katika hadithi nyingine, na mhandisi wangu alikuwa ameunganisha mwenyewe, miezi saba na mwaka ule na asubuhi ile. Akanitazama, na mimi nikamtazama, na tukaishia hapo.

Baada ya hapo alisimulia bila karatasi. Alisimulia dume linalokimbia majike. Alisimulia baba yao alivyokuwa anakuja mikutano ya shule akiwa na harufu ya zizi na kukaa mstari wa mbele, na alivyokuwa anawapima kifua kila siku ya kuzaliwa kwa utepe wa kupimia ndama, ambao ukiuzungusha unakusomea kilo, mpaka mwanangu alipoingia chuo kikuu akaambiwa sasa amefikisha uzito wa kuuzwa. Watu walikunywa chai ya rangi vikombe viwili viwili. Mfereji ulikuwa umeshakauka, umebaki na mstari mweupe ukutani.

Saa tisa, wageni wakiwa wamepungua, tulikwenda zizini kwa maziwa ya jioni. Mkamuaji mkuu alikuwa amerudi kazini kwake. Kitinda alikuwa ndani ya tangi nusu mwili, analisugua, na kaka yake amevua tai, amemshikia mpira wa maji. Wifi alisimama langoni akiwa na vitambaa vyake vinne, amevikunja pembe kwa pembe.

"Nimevifungua mwenyewe," akasema, "nitavifunga mwenyewe."

Mkamuaji akamshika Mama Mkwe pembe. Wifi akachuchumaa nyuma ya mguu wa kushoto, kwa mbali, mikono imenyooka kama anayetoa sufuria kwenye moto. Fundo la kwanza likafunguka. La pili likashika. Alifunga wote wanne hivyohivyo, akinong'ona kitu ambacho nadhani ni kuomba radhi, sijui kwa ng'ombe au kwa kaka yake. Alipomaliza alikuja akaegemea mbao karibu nami, akapumua.

"Wifi," akasema, "siku ile, kaka alikukanyaga kwa nguvu?"

"Kidole gumba kilivimba wiki nzima."

Akakitazama kiatu chake cha kulia, akakivua polepole, akanionyesha kidole.

"Changu kimeshaanza," akasema.

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu tumzike mume wangu, nikavua buti la kulia, nikamvalisha.